Kipupwe cha Karavani

Wiki iliyopita nilikwenda Jacobs, mtaa wa viwanda hapa Durban, kuchukua rafu za duka. Duka lenyewe ni la simu, liko katikati ya mji, mali ya binamu ya mama, na mimi ndiye ninayelisimamia siku hizi. Fundi wa rafu ana karakana nyuma ya kiwanda cha rangi, na uani kwake, kati ya vyuma na matairi, kuna karavani kuukuu, nyumba ya kuvutwa na gari, iliyopandishwa juu ya matofali. Humo anaweka vifaa vyake. Mlango ulikuwa wazi. Nikaingiza kichwa kwa udadisi tu, na harufu ikanipokea: gesi, sponji iliyowahi kulowa, na mbao nyembamba zilizopigwa jua miaka mingi. Fundi akaniuliza kama natafuta kitu. Nikamwambia hapana, ila niliwahi kuishi ndani ya nyumba ya namna hii. Alicheka, akidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Kaa nikueleze, maana hata wewe, kwa miaka yote tuliyofahamiana, sidhani kama nimewahi kukuambia.

Nilikuwa nakaribia miaka kumi. Tulikuwa tukiishi Cape Town, watu watano: baba, mama, koko, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Koko ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake mama, kama wanavyoita watu wengi wa kwetu Kongo. Mwenye nyumba tuliyopanga akaitaka nyumba yake kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa anaoa, na kila tulikokwenda kuulizia chumba walitaka makaratasi ambayo hatukuwa nayo. Baba ni mchomeleaji wa vyuma. Akasikia kwamba jangwani, kule Karoo, kuna kampuni inajenga shamba la paneli za umeme wa jua na inahitaji wachomeleaji mpaka joto lirudi. Kazi ilikuwepo, nyumba haikuwepo. Basi baba akapanga hivi: tununue karavani, tuivute kwa bakki yake, ile pikapu nyeupe, tukae nayo karibu na kazi, na huku tunatafuta nyumba ya kupanga katika miji midogo ya huko. Tukipata, tutabaki. Tusipopata, binamu ya mama alikuwa Durban na alishasema tuje wakati wowote.

Mama hakuupenda mpango huo, lakini hakuwa na mwingine. Koko aliuliza swali moja tu, kama huko tuendako kunauzwa unga wa mahindi. Baba akamwambia nchi nzima hii inakula mahindi. Koko akafunga mzigo wake.

Usifikirie jangwa la mchanga. Ni ardhi ngumu ya mawe, vichaka vifupi vya rangi ya majivu, na vilima vilivyo bapa juu kama vimekatwa kwa panga. Kipupwe huko kina namna yake. Mchana jua ni kali, mbinguni hakuna hata wingu, ukikaa pasipo na upepo unavua jezi yako ya sufu. Jua likishagusa kilima tu, joto lote linaondoka kwa mara moja, na watu wanakimbilia ndani. Asubuhi ardhi ilikuwa nyeupe. Maji ya bidoni, yaani dumu, yalifanya ganda la barafu juu, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kulipasua kwa kijiko cha chuma ili mama apate ya kuchemsha. Nilikuwa nikivitafuna vipande vile kama pipi, mpaka meno yanauma.

Tuliegesha katika kambi ya karavani kandokando ya mji mdogo. Kulikuwa na mabomba mawili, miti michache, na jengo la bafu lenye pipa la kuchemshia maji kwa kuni. Wageni walikuja na kuondoka, wengi wao wazee wa Kizungu waliostaafu, na magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo humohumo. Walikunywa chai nje wakiwa wamevaa kofia za sufu, wakatupungia mkono, na kesho yake walikuwa wameshafuata joto kwingine. Wao walikuwa matembezini. Sisi tulikuwa tunatafuta pa kukaa, ingawa kwa mtu aliyepita barabarani tulionekana wote ni kitu kimoja.

Ndani ya karavani kila kitu kilikuwa na kazi mbili. Meza tuliyolia chakula ilishushwa jioni ikawa kitanda changu na koko. Droo ya chini kabisa, ilipotolewa na kutandikwa nguo, ikawa kitanda cha mtoto. Baba na mama walilala nyuma ya kikwembe cha mama, kitenge chake, kilichotundikwa kwa kamba. Mtu mmoja akigeuka, nyumba nzima inatikisika. Mtu mmoja akicheka, wote tumecheka, hata kama hatukujua ni nini. Hita ya gesi tuliiwasha wakati wa chakula tu, kwa sababu mama aliogopa tusije tukalala tusiamke. Baada ya hapo ilikuwa blanketi, na mwili wa koko, uliokuwa na harufu ya kahawa na mafuta ya kupaka. Koko alikuwa anakohoa. Mwanzoni kidogo, baadaye kiasi kwamba vijiko vililia kwenye droo.

Chakula chetu kilikuwa bukari, ugali wetu wa kila siku, na mboga pale mboga ilipopatikana. Koko hakukubali kwamba kuna nchi isiyo na majani ya kuliwa. Siku za mwanzo alizunguka vichakani na kisu, anachuma, ananusa, anaonja, anatema. Alirudi na kikapu kitupu na hasira. Mwishowe akagundua kwamba dukani wanauza viazi vyekundu vya beti na majani yake, na kwamba watu wa pale wanakata majani na kuyatupa. Akawa anakwenda nyuma ya duka kuyaomba. Aliyapika na siagi ya karanga, na mpaka leo mtu akiniuliza chakula cha utoto wangu, wakati wenzangu wanasema sombe, majani ya muhogo, mimi nasema majani ya beti.

Watu waliokaa pale muda mrefu walikuwa sisi na jirani mmoja. Alikuwa mjane wa Kizungu, mwembamba, anayevaa buti za marehemu mumewe. Aliuza nyumba wakati mume anaugua, akanunua karavani, na tangu hapo alikuwa akisema anatafuta nyumba nyingine huku hatafuti. Watu wote walimwita Tannie, yaani shangazi kwa lugha yao ya Kiafrikana, na sisi tukamwita hivyohivyo. Shuleni nilikopelekwa hakuna aliyesema lugha nyingine, kwa hiyo mimi niliishika haraka, kama watoto wanavyoshika. Nikawa mkalimani wa nyumba.

Koko na Tannie walianza na kikohozi. Tannie alikisikia kupitia ukuta wake, na asubuhi moja akaja na chupa ya asali iliyochanganywa na kitunguu. Koko akainusa, akaonja, akaitikia kwa kichwa. Siku iliyofuata alimpelekea sahani ya majani ya beti. Toka hapo, kila asubuhi jua likishapanda, walitoa viti vyao wakakaa na migongo imeegemea ukuta wa bafu, ambao ulikuwa unapata moto wa pipa upande wa pili. Tannie alioka mikate ya mraba juu ya makaa, koko alimenya vitu. Kila mmoja alisema lugha yake. Koko alieleza habari za Bukavu, za ziwa, za mume aliyependa kofia. Tannie alieleza kondoo na ukame. Nikirudi shule nilitaka kufanya kazi yangu ya ukalimani. Nilimwambia koko, Tannie anasema mume wake alikuwa mfugaji. Koko ananijibu anajua, ameshaambiwa. Sijui aliambiwa vipi.

Jumamosi zilikuwa za kutafuta nyumba. Tuliingia wote kwenye bakki, mama na mtoto na koko mbele kwa baba, mimi nyuma nimejifunika turubai, na tulizunguka miji ya karibu. Tuliona nyumba yenye kisima kilichokauka. Tuliona nyumba ambayo paa lake lilikuwa limebebwa na upepo na mwenyewe akasema litarudishwa. Nyumba moja ilikuwa na nyuki ukutani. Wenye nyumba wengine walituambia wazi kwamba hawachukui watu wa nje, na baba aliwashukuru kwa kusema wazi, akageuza gari. Mama alikuwa anatazama tu madirisha ya watu, mapazia yao.

Kisha ikaja nyumba yenyewe. Ilikuwa palepale mjini, mtaa wa tatu kutoka dukani, nyumba nyeupe yenye baraza na mti wa pilipili mbele. Baba aliliona tangazo getini, akapiga simu. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa shamba, akasema vizuri, akamwelekeza kwa mlinzi mwenye ufunguo, twende tuione Jumatano, na Jumamosi yeye mwenyewe angekuja tumalize maneno. Jumatano tulikwenda. Mama alimpa koko mtoto, akavua viatu mlangoni ingawa nyumba haikuwa na kitu, akapita chumba kwa chumba. Alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka. Akalifunga. Akalifungua tena. Jioni ile karavanini aliimba wimbo wa kanisani akiwa anaosha vyombo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Cape Town.

Jumamosi tulivaa nguo za kanisani. Mwenye nyumba alifika, akashuka kwenye gari, akamtazama baba, kisha mama, kisha koko na kikwembe chake, kisha sisi watoto. Hakuwa mtu wa ukali. Alisema anasikitika, kuna mtu mwingine ameichukua nyumba tangu Alhamisi, naye alisahau kupiga simu. Baba alimpa mkono. Tukarudi kwenye gari. Njiani koko aliniuliza yule bwana alisema nini, nikamweleza.

Tangazo lilibaki getini. Kila tulipokwenda dukani tulipita mbele yake. Wiki ikaisha, nyingine ikaisha, tangazo lipo na baraza halina mtu. Mama alianza kuzunguka mtaa wa pili ili asilione.

Tannie aliona kwamba kuna jambo. Aliniuliza kwa nini mama yangu haimbi tena, nami nikamweleza yote, kwa sababu hakuna aliyenikataza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akabadilisha buti, akavaa viatu vya kike ambavyo sikuwahi kuviona, akachukua mkoba na kuwasha gari lake.

Alirudi siku ileile na ufunguo. Alitukuta nje, baba ametoka kazini ananawa, na akauweka juu ya meza yetu ya kukunja. Akaanza kusema, na mimi nikaanza kutafsiri. Alisema ameipanga nyumba kwa jina lake. Alisema ina vyumba vinne na yeye anahitaji kimoja tu. Sisi tuingie vingine, kila mtu atachangia anachoweza. Baba alishaanza kutabasamu. Halafu Tannie akasema lililobaki, akiwa anatazama ufunguo na si sisi: mwenye nyumba akija, yeye atasema kwamba hawa ni wafanyakazi wake, mama wa ndani na baba wa bustani, wanalala hapo kwa sababu ya kazi.

Nililitafsiri neno hilo kama lilivyokuja. Sikujua uzito wake mpaka nilipoona mama ameacha kumfuta mtoto mdomo.

"Umuulize muzuri," mama akaniambia. "Anasema sisi tutakuwa watu gani pale?"

Nikauliza. Tannie akarudia, kwa sauti ndogo zaidi, na shingo yake ikawa nyekundu. Aliongeza kwamba anajua si sawa. Lakini baridi hii pia si sawa, na kifua cha koko si sawa.

Baba alitaka tukubali. Nakueleza hivi bila kumlaumu, maana ndiye aliyekuwa anaamka kusikiliza kama koko anapumua. Alisema ni neno tu, neno la kumwambia mtu anayekuja mara moja kwa mwezi. Mama alisema mtoto huyu atakapoanza kuongea, lugha ya kwanza atakayojifunza itakuwa ya kujificha. Wakabishana kwa sauti ya chini, huku Tannie amesimama pale haelewi, au anaelewa kila kitu. Mwishowe baba akamgeukia koko.

"Mama, hapa iko baridi. Kifua yako iko mubaya."

"Kifua iko yangu," koko akasema.

Akauchukua ufunguo mezani, akaugeuza mkononi kama mtu anayetazama kitu sokoni. Kisha akamshika Tannie mkono, akauweka ufunguo kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Umuambie nyumba iko yake, aingie," akaniambia. "Sisi tutakuja kumutembelea kila dimanshi."

Dimanshi ni Jumapili, kwa Kifaransa chetu. Nilitafsiri. Tannie alilia kidogo, akajipangusa kwa mkono wa jezi, akasema basi Jumapili, na kahawa itakuwa tayari saa za baada ya kanisa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tannie alihamia nyumba nyeupe, sisi tukabaki kambini, na kila Jumapili tulivaa nguo za kanisani tukaenda kwake. Tuliingia kwa mlango wa mbele. Tulikaa vitini. Alituletea kahawa kwenye vikombe vyenye maua, na mikate mikavu ya kuchovya, na koko alikuwa na kiti chake karibu na jiko la kuni, kiti kizuri kuliko vyote mle ndani. Mama alikuwa anapeleka chakula kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Tukimaliza tuliaga, tukarudi kwenye baridi yetu.

Jumapili moja mwenye nyumba alikuja kuangalia mfereji wa paa. Alibisha akaingia, akatukuta. Koko alikuwa amevua viatu na amelinyooshea jiko miguu. Baba alisimama, kwa adabu. Tannie hakusema sisi ni akina nani. Alimmiminia koko kahawa kwanza, akamtilia sukari kama koko alivyopenda, ndipo akamuuliza yule bwana kama naye angependa kikombe. Bwana alivua kofia. Alikunywa akiwa amesimama, akamuuliza baba habari za kazi ya paneli, baba akamjibu. Akamsalimia koko kwa neno wanalowaitia bibi zao. Koko akampa mkono bila kuinuka. Kisha alitoka akapanda ngazi kuangalia mfereji wake. Hakuna kilichotokea zaidi ya hapo. Hakututafuta, hakutuomba radhi, na Jumapili iliyofuata tulikunywa kahawa kama kawaida.

Joto liliporudi kazi ya baba ikaisha. Tukaifunga karavani nyuma ya bakki tukaanza safari ya huku. Tannie alikuja kambini asubuhi hiyo na mikate ya makaa iliyofungwa kwa kitambaa, na yeye na koko walisimama wameshikana mikono, wanaongea kwa wakati mmoja. Sikutafsiri, na hakuna aliyeniomba.

Durban ilitupokea kwa unyevu na makelele. Tulikaa katika fleti ya binamu ya mama, katikati ya mji, familia tatu zimetenganishwa kwa mapazia, mpaka tulipopata yetu. Kikohozi cha koko kiliisha kwa hali ya hewa ya hapa. Alipata watu wa lugha yake kila kona, kanisani, saluni, sokoni Warwick, ambako alinunua lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na majani ya maboga bila kumwomba mtu. Karavani iliuzwa mwaka uleule. Tannie alipiga simu kila Krismasi, nami nikasimama katikati yao na simu, mpaka Krismasi moja namba ile haikuita tena. Koko naye tulimzika hapa. Kiafrikana changu kimeondoka; nabaki na maneno ya mkate, ya baridi na ya kushukuru. Mdogo wangu, yule aliyelala kwenye droo, anawaambia wenzake kwamba hajawahi kukaa popote ila Durban. Anasema Kizulu kuliko Kiswahili, na tunamwacha.

Niliporudi kutoka Jacobs nilimkuta mama anachambua maharage. Nikamweleza karavani niliyoiona, na harufu yake. Halafu nikamuuliza jambo ambalo hatukuwahi kumuuliza, kama aliwahi kujuta kwa ile nyumba nyeupe. Alitoa jiwe katika maharage, akaliweka pembeni.

"Ile siku ya mercredi," akasema, Jumatano yaani, "nilikuwa nimeisha kuchagua fasi ya kitanda yako. Chumba ya nyuma, kule jua inatokea."

Akaendelea kuchambua. Basi kumbe tangu Jumatano ile mpaka Jumamosi nilikuwa na chumba changu, na sikujua.